Kusubiri Ukuta Ukauke

Ko, ko, ko. Mswaki uligonga ukingo wa kikombe gizani, na mshonaji akajua mumewe keshaamka.

"Baba watoto, hata mwenye nyumba bado kalala."

"Dalali kasema kuna mnunuzi mwingine anakuja leo kuiona ile nyumba. Anayewahi ndiye anayepata."

"Na mwenye pupa hadiriki kula tamu," akajibu, akimvutia mtoto shuka. "Mkaguzi kwanza."

Neno hilo alilipata darasa la jioni, alikokwenda kila alipofunika cherehani. Mwalimu aliwaambia kuwa anayenunua nyumba ya kupangisha hanunui rangi. Ananunua paa, mabomba na msingi. Na wao walikuwa wanataka kutia akiba yote ya miaka saba, ya sindano yake na ya vyuma alivyochomelea mumewe, kwenye nyumba moja ya vyumba vinne. Viwili wangekaa wenyewe, viwili vingebaki na wapangaji. Wakikosea, akiba ya pili hawana.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwashi tangu usichana wake. Watu walimwita Bi Nyundo, maana kinyundo hakikumtoka mfukoni. Alipanda darini akashuka na utando wa buibui kichwani. "Paa ni zima," akasema. Akafungua mabomba yote kwa mpigo. Akagonga vigae kimoja kimoja, sikio kalitega, na dalali nyuma yake kama mkia.

"Mama, nyumba hii inajieleza yenyewe!"

"Basi nyamaza niisikie."

Chumba cha mwisho aliishi mfua nguo wa hospitali na binti yake wa miaka mitano. Kuta zilinukia rangi mpya. Bi Nyundo akaanza kugonga kutoka mlangoni, lakini mshonaji alikuwa ameganda palepale akitazama kitanda. Chumba chenyewe kama kiganja, na kitanda kimewekwa katikati, huwezi kukizunguka bila kujigonga goti.

"Dada, mbona kitanda kimeukimbia ukuta?"

Mpangaji alimtupia dalali jicho, kisha akainamisha uso. "Ndivyo tulivyozoea."

Mshonaji hakuridhika. Yeye pia ni mama, na hakuna mama anayemlaza mtoto mahali pa kuangukia pande zote mbili ilhali ukuta upo. Akapiga magoti, akaweka kiganja chini kabisa ya ukuta wa upande wa bafu. Ulikuwa baridi kama nguo iliyotoka kwenye beseni sasa hivi.

Bi Nyundo akaja, akagonga mara mbili, plasta ikameguka kama mkate uliolowa.

"Rangi hii haina hata wiki mbili," akasema. Dalali akakumbuka kuwa ana simu ya kupiga. Bi Nyundo akaendelea: "Nadhani bomba la bafu linavujia humu ndani. Litengenezwe, halafu ukuta uachwe wiki tatu. Ukikauka, nunueni. Usipokauka, maji yanapanda kutoka ardhini, na hiyo, wanangu, ni ndoa nyingine kabisa."

Mwenye nyumba, mzee mstaafu, alikubali kutengeneza bomba. Lakini alisema wazi: akitokea mtu na fedha kabla ya hapo, atamuuzia.

"Wiki tatu!" mumewe alilalamika njiani. "Nyumba itachukuliwa, mama watoto."

"Ikichukuliwa, itachukuliwa na ukuta wake."

Alijikaza kusema hivyo, ila moyoni hakuwa shujaa. Simu ikilia, mshono unakwenda upogo. Gauni moja la harusi alilifumua mara tatu. Mumewe naye alipita mtaa ule kila jioni, ati ananunua kiberiti, hadi nyumbani vikajaa viberiti vya kuwasha jiji zima. Mnunuzi mwingine hakuonekana hata kisogo.

Siku moja kabla ya wiki tatu kutimia, Bi Nyundo alibandika kipande cha nailoni ukutani, akaziba kingo zote kwa gundi ya karatasi. Kesho yake akakibandua mbele yao. Upande wa ndani haukuwa na hata tone la unyevu. Mshonaji akapapasa mwenyewe, kwa kiganja, kisha kwa shavu.

"Utaubusu sasa," mumewe akamtania.

"Niache."

Alasiri ile wakatia saini. Jioni mshonaji akarudi kuwasalimu wapangaji wake, akamkuta mfua nguo mlangoni, mikono kaifumbata.

"Mama mwenye nyumba," mfua nguo akasema taratibu, "sisi tunahama lini?"

"Mhame mwende wapi, dada yangu? Kaeni. Na kama kuna jambo, niambie mimi mwenyewe."

"Hakuna, mama. Nyumba ni nzuri. Kila kitu kizuri."

Binti akachungulia kutoka nyuma ya sketi ya mama yake, akamtazama mshonaji juu hadi chini, kisha akasema kwa sauti:

"Dirisha letu halifunguki."