Mikato Mitatu Kwenye Kitako

Bunduki ya akina Kalinga hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuiona, lakini kila mtoto wa ukoo angeweza kukuchorea. Mtutu wake ulivishwa pete ya shaba, na kitako kilikuwa na mikato mitatu. Mikato mitatu, Wajerumani watatu. Babu Kalinga aliwaua katika vita vya Mkwawa, kisha akajichukulia bunduki ya mmoja wao. Hadithi hiyo ilisimuliwa katika kila msiba pale Kalenga, pombe ya ulanzi ikishazunguka mara mbili, na msimulizi alikuwa mmoja tu: Vitus Kalinga, mjukuu wake, mkubwa wa ukoo.

Kwa hiyo picha ilipofika kutoka Idodi, ukoo ulichachamaa. Aliyeituma ni Joachim, kijana wa ukoo anayeendesha watalii kwenda Ruaha. Mgeni wake mmoja, mkusanyaji wa silaha za kale, alikuwa akipitia kwenye simu orodha ya mnada wa huko kwao Ujerumani. Joachim alichungulia begani kwake, akaona pete ya shaba. Akaona mikato mitatu.

"Tunainunua," alisema Vitus. Hakumuuliza mtu.

Wakauza ng'ombe. Walitoa kundi zima la ukoo, lililoanzishwa na Babu Kalinga mwenyewe, lile lililomsomesha kila mtoto aliyesoma, Anjela akiwemo. Anjela alikuwa darasa la pili baba yake alipofariki. Vitus, kaka wa marehemu, alimchukua akamlea, akauza madume mawili ili binti apate diploma. Sasa Anjela alikuwa na steshenari yake Mwanjelwa, Mbeya, akichapa barua na kupiga picha za pasipoti, na Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka. Mnada ulikuwa wa mtandaoni. Wa kuushika alikuwa yeye.

Kosa alilifanya Vitus mwenyewe.

"Waandikie," alimwamuru kwa simu. "Waambie hiyo bunduki ina wenyewe. Mtaje Kalinga. Wakijua ina wenyewe wataona haya, watashusha bei."

"Baba mkubwa, wale ni wafanyabiashara."

"Hata mfanyabiashara ana mama yake. Andika."

Akaandika. Jibu lilikuja Jumatano, la furaha tupu. Waliishukuru familia. Jina la Kalinga, walisema, limo katika barua ya afisa aliyekuwa na bunduki hiyo, na kwa kuwa sasa wenye jina wamejitokeza, historia yake imethibitika. Bei ya kuanzia wameipandisha maradufu. Nakala ya barua hiyo hii hapa, na tafsiri yake kwa Kiingereza. Barua yenyewe atapewa mnunuzi pamoja na bunduki.

Anjela aliisoma amesimama, mteja akimsubiri na shati lake jeupe la kupigia picha. Kisha akaketi, akaisoma tena.

Jumamosi asubuhi alikuwa Kalenga. Alimvuta Vitus hadi nyuma ya nyumba, kwenye zizi lililobaki na kinyesi kikavu tu, akamsomea kwa sauti ya chini, Kiswahili kilekile alichokuwa amekipanga kichwani tangu Jumatano:

"Bunduki hii nilimpa Kalinga, mtu wa Kalenga, kwa kutuongoza hadi pangoni alimojificha mzee Mgayi na wanawe wawili. Mikato mitatu ni ya hao. Tuliwaacha humohumo, tukaziba mlango kwa mawe. Pango liko chini ya mwamba uliopasuka, juu ya kijito, upande wa machweo. Mwezi uliofuata Kalinga aliirudisha bunduki, akaomba ng'ombe badala yake. Nilimpa sita."

Vitus aligeuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yao.

Mgayi hakuwa jina geni nyumbani mle. Matilda, mke wa Vitus kwa miaka arobaini na moja, alikuwa kitukuu chake. Kwao walijua tu kwamba Mgayi alikimbia na wanawe wawili wakubwa akamwacha mdogo kwa mama yake, na hakuna aliyerudi. Kila mwaka kabla ya mvua walikwenda kutambikia njia panda, wakamwaga pombe na unga juu ya ardhi tupu, maana kaburi hawakuwa nalo. Anjela alijua. Ni yeye aliyekuwa akibeba unga, mdogo vile, ameshika upindo wa khanga ya mama yake mkubwa.

"Nani mwingine ameisoma?" Vitus aliuliza.

"Mimi tu."

"Basi haijasomwa. Ifute. Tukishinda, ile ya karatasi itakuja na bunduki, nitaichoma mwenyewe."

"Na mama mkubwa?"

"Mama yako mkubwa ana miaka sitini na tatu hana kaburi la Mgayi. Amekufa?"

"Baba mkubwa, bunduki utaitundika ukutani. Yeye ndiye atakayeifuta vumbi."

Vitus alimshika bega, si kwa nguvu. "Nimekusomesha, Anjela. Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba ufunge mdomo."

Saa nane mchana sebule ilifurika. Kompyuta iliwekwa juu ya stuli yenye kitambaa cha kufuma, kama ya maombi. Aroni, mdogo wake Vitus, msema ovyo wa ukoo, alikaa mbele kabisa. Matilda alipita na birika la chai, akijaza kikombe kimoja kimoja.

Bunduki ikatokea kwenye kioo. Watu waliguna. Mwanamume mmoja mwenye miwani, nyundo mkononi, akaanza kuita bei.

"Bonyeza," alisema Vitus.

Anjela akabonyeza. Mwingine akapandisha. Akabonyeza tena.

"Nani huyo anayeshindana na sisi?" Aroni aliuliza.

"Hajulikani, baba mdogo. Ana namba tu."

"Mwambie ana sura ya mwizi."

"Humwoni sura."

"Ndiyo maana! Mtu mwema angejionyesha!"

Wakacheka. Anjela akabonyeza. Namba isiyo na sura ikapandisha. Kiasi kilichobaki kilitosha dau moja tu, na Vitus alilijua hilo; alikuwa amesimama nyuma ya Anjela, akipumulia utosini mwake.

Hapo Matilda aliinama karibu na kioo, birika mkononi.

"Anjela, mwanangu. Hao Wazungu wanasemaje juu ya hiyo mikato?"

"We mama!" Aroni alisema. "Umeolewa jana? Wajerumani watatu!"

"Ninyi mnavyosema najua, shemeji, nimewapikia mkisema. Nauliza wao."

"Bonyeza, Anjela," alisema Vitus.

Mtu mwenye miwani aliinua nyundo, akauliza mara ya kwanza. Kidole cha Anjela kilikuwa juu ya kitufe. Alimwona mama yake mkubwa alivyokunja uso kuitazama ile picha, kama mtu anayetafuta sindano.

Aliondoa mkono. Akafungua barua, akaisoma kwa sauti, tangu neno la kwanza. Alipolitaja jina la Mgayi, Vitus alinyoosha mkono kuifunga kompyuta. Anjela aliikumbatia kifuani, akaendelea, maana yaliyobaki aliyajua kwa moyo. Mawe mlangoni. Mwamba uliopasuka. Ng'ombe sita. Kutoka kifuani kwake nyundo ikasikika ikigonga meza huko Ujerumani.

 

Matilda aliweka birika chini, taratibu, lisimwagike.

"Juu ya kijito, upande gani?"

"Wa machweo, mama."

Alichukua khanga yake mlangoni, akatoka. Hakumtazama mumewe.

Kaka zake walilipata pango siku ya tatu. Mafuvu waliyakuta mawili. La tatu halikuonekana, ingawa walichekecha udongo kwa chekeche la mchanga. Wakazika walichokipata. Anjela alikwenda, akabeba unga kama zamani. Matilda alimsubiri hadi watu wapungue kaburini, amekonda, khanga imemning'inia mabegani.

"Umenipa kaburi," alimwambia, "ukaniondolea nyumba. Sijui nikuite nani."

Akaondoka na kaka zake. Kwa Vitus hakurudi.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumapili iliyofuata, sebule ileile. Fedha za ng'ombe zilikuwa bado benki, nzima, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kusema zinunue ng'ombe. Vitus alionekana kupungua ndani ya koti lake. Shati halikupigwa pasi.

Aliyesema ni Aroni, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Anjela, hatukuitii polisi wala mahakama. Piga magoti mbele ya kaka, umwombe radhi. Useme Kiingereza kile cha kizamani kilikuchanganya, aliyewaongoza Wajerumani si Kalinga. Basi. Mama yako mkubwa akisikia hivyo atarudi, na sisi tutashika njia zetu."

"Na nikikataa?"

"Usikanyage msiba wa ukoo huu. Na ukifa, kando ya baba yako hatukuzi— hatukuziki. Wakuzike hukohuko Mbeya."

Anjela aliyaangalia magoti yake. Aliwaza baba yake, kilima kidogo cha udongo chini ya mikaratusi, na nafasi iliyoachwa pembeni. Aliwaza madume mawili.

Vitus aliinua uso. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika. "Siyo kwangu, basi. Mimi niache. Kwake yeye. Mwanamke wa miaka sitini na tatu analala jikoni kwa kaka yake, hali, hasemi. Hata kwake huombi radhi?"

Hilo ndilo lililomuuma Anjela. Alisimama, akajifunga khanga kiunoni, akachukua mkoba wake uliokuwa karibu na stuli ya kompyuta.

"Nilisoma kilichoandikwa, baba mkubwa. Siombi radhi kwako. Siombi kwa ukoo. Na kwake yeye, siombi."