Mwenye Hisa Haalikwi

Meiyou, nilimwambia. Hilo ndilo neno la Kichina la wenye maduka wa soko la Zhanxi, yaani hakuna. Mzigo umekwisha, au upo ila hawataki kukuuzia, basi wanakutupia meiyou usoni na kuendelea kula tambi zao. Na mimi nikamtupia mume wangu vivyo hivyo. Pesa ya kununua hisa za Kanada, meiyou!

Jina lake Mwadini. Ndiye mume niliyejaaliwa. Mimi nikiwaka, yeye hukunja mikono akanitazama kama anayengoja chai ipoe. Sijui Mungu aliona nini akatuunganisha.

Ilikuwa Novemba 1998. Tulipanga chumba kimoja na jiko mtaa wa Sanyuanli, huko huko kwa Wachina, na huo ulikuwa mwaka wetu wa tatu wa kusafirisha mikoba kwenda Unguja. Mikoba tukiifuata kwenye viwanda vya Shiling kwa basi, tunarudi migongo inauma. Kwa taabu hiyo tulikuwa tumeweka dola elfu sita za kuezekea nyumba yetu ya Mpendae, maana kuta zilikuwa zimesimama miaka miwili zinanyeshewa. Ndizo hizo alizozitaka. Tena si za hisa za kampuni kumi, wala tano. Alitaka za kampuni moja tu ya Toronto, inayotengeneza mitambo ya simu.

Kwa nini kampuni hiyo, nilijua, ila nilijifanya sijui. Mwanetu Ghalib alikuwa akifanya kazi humo. Na baba na mwana walikuwa hawasemezani, mwaka wa nne ule.

Chanzo kadi. Ghalib alipotaka kumuoa Swalha huko huko Kanada, alituletea kadi kwa posta, nzuri, ya maandishi ya dhahabu: Bwana Mwadini na Bibi Shamsia mnaalikwa kwenye harusi. Mwadini akaisoma mara mbili, akaiweka mezani.

"Ananialika," akasema. "Mwanangu ananialika mimi."

Kwetu mwenye shughuli haalikwi. Baba ndiye anayetuma watu wapite nyumba kwa nyumba kualika. Yeye akialikwa, ashafanywa mgeni katika harusi ya mwanawe. Basi hakwenda, hakujibu, na jina la Ghalib halikutoka tena mdomoni mwake. Mtoto naye akaona kasuswa, akasusa. Nikabaki mimi katikati, nikimpigia Ghalib simu kwa siri kila mwezi kwenye kituo cha simu karibu na stesheni. Mwezi ule akanambia Swalha ana mimba ya miezi minane. Sikumwambia baba yake. Niliapa sitamwambia mpaka amtaje mtoto kwa jina lake kwanza. Najua, na mimi nina kichwa kigumu.

Sasa hizi hisa. Mwaka ule karibu kila mfanyabiashara wa kwetu alikuwa na binamu Kanada aliyetajirika kwa hisa, na wote walikwenda kuuliza kwa Bartholomeo. Bartholomeo ni mtu wa Moshi, zamani alikuwa karani wa benki Arusha, na sasa alikuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo chini ya jengo letu. Alisoma gazeti la biashara la Hong Kong kila siku, na hakuwa na tabia ya kumpamba mtu maneno. Nikamburura Mwadini hadi kwake. Nilitaka akatazwe mbele yangu.

"Mzee Mwadini," Bartholomeo akaanza, "hizi wanaziita hisa za ukuaji. Kampuni ikipata faida haikupi gawio mkononi, inairudisha dukani ili ikue. Wewe unangoja bei ipande. Ikipanda, inapanda kweli. Ikianguka, mshindo wake utausikia hapa hapa Sanyuanli."

"Umesikia?" nikasema.

"Ina riba?" Mwadini akauliza.

"Si mkopo huu, Mzee. Unakuwa na fungu katika mali. Ikipata umepata, ikikosa umekosa."

"Basi ni biashara."

"Ni biashara, ndiyo. Lakini pesa hii utaihitaji lini?"

"Kabla ya masika," nikadakia. "Ni paa hilo, shemeji!"

"Basi hiyo siyo pesa ya hisa. Pesa ya hisa ni ile ambayo hutaigusa miaka mitano, sita. Halafu kampuni moja tu? Wewe hujazi kontena zima mkoba wa aina moja. Usipotakiwa sokoni, utakula ngozi?"

Nikacheka kwa raha zangu. Usiache mbachao kwa mswala upitao, nikamwambia mume wangu, unasikia lakini?

"Nikuulize la mwisho," Bartholomeo akasema. "Bei ikishuka nusu, utauza?"

"Siuzi."

"Ikibaki robo?"

"Siuzi."

Bartholomeo akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, sasa hapo sikuelewi. Unatafuta nini hasa?"

Mwadini akavua kofia, akaiweka gotini, akawa anaifuata nakshi yake kwa kidole. "Mwenye hisa akenda pale kwenye kampuni," akasema, "anaingia kama nani?"

"Kama mmoja wa wenyewe. Kila mwaka kuna mkutano, wanakuletea barua."

"Wananialika."

"Hawakualiki, wanakuarifu siku na saa. Utamwalikaje mtu kwenye mali yake?"

Mume wangu akainamisha kichwa. "Hiyo ndiyo ntakayo," akasema polepole. "Nataka niende pale anapofanya kazi Ghalib, nisiwe mgeni."

Miaka minne sijalisikia jina lile kinywani mwake. Loo, nililia! Nililia mbele ya mtu wa watu, katikati ya maboksi, na hasira zangu zote nilizoshuka nazo ngazi sikuziona tena. Nilikuwa nimemdhania tamaa, kumbe mwenzangu alikuwa akitafuta mlango wa kuingilia kwa mwanawe.

Bartholomeo akajifanya anatafuta karatasi. Alipoipata akasema kwa upole, "Hata hisa moja inatosha, Mzee. Ukiwa na moja ni mwenyewe. Paa liacheni."

Mwadini akanunua mbili, moja yake na moja yangu mimi, Mama Ghalib. Bartholomeo akatuandikia faksi kwa dalali wa Toronto. Ujira wa dalali ulikaribia bei ya hisa zenyewe, na nilisema niliyoyasema.

Kesho yake asubuhi nikenda kituo cha simu peke yangu, huko Toronto jioni. "Wee hayawani," nikamwambia Ghalib, "unajua ulichomfanyia babako?"

"Mama, nimefanya nini? Kadi yake niliipeleka ya kwanza, kabla ya watu wote!"

Maskini, alidhani ndiyo heshima, na mimi miaka yote nilidhani kosa lake analijua. Aliondoka kwetu na miaka kumi na saba, nani angemfundisha? Nikamweleza.

"Mama," akasema, "niletee baba."

Siku ya pili nikamwambia Mwadini avae, twende stesheni. Hakuuliza kuna nini. Ndani ya kibanda akashika mkono wa simu kwa mikono miwili, nami nikabandika sikio ubavuni. Wakasalimiana, shikamoo, marahaba.

"Swalha hajambo?" Mwadini akauliza.

"Hajambo, baba. Anatarajia kujifungua mwezi ujao."

Mwadini akanigeukia. Nikatazama ukuta.

"Alhamdulillahi," akasema. "Na akika ya mtoto, mmepanga kufanya lini?"

Nikamwomba Mungu mtoto asiseme karibu, asiseme tutafurahi mkija, asitaje kadi.

"Sijapanga, baba," Ghalib akasema. "Shughuli ni yako. Nakungoja wewe unambie lini, na nikamwalike nani."

Mwadini akafumba macho. Machozi yakateremka hadi kwenye ndevu na hakuyafuta. Kisha akakohoa, akajiweka sawa, ikamrudia sauti yake ile ya kuamrisha, ambayo sikujua kwamba nimeikosa hivyo.

"Una kalamu? Andika. Anza na yule kijana wa Burhani wa Malindi, nasikia yuko huko huko. Tena wende mwenyewe, mlango kwa mlango, theluji isikuzuie. Nisisikie umepeleka kadi."