Barakoa ya Mama Mdogo

Kazi yangu ugenini, katika hospitali ya ng'ambo, ilikuwa kusimama nyuma ya mstari wa njano uliochorwa sakafuni na kutogusa chochote. Daktari mzima, mwenye wagonjwa wangu nyumbani, nikageuzwa pambo. Lakini macho hayana pazia. Nilitazama, na katika kila mgonjwa aliyelazwa pale nilimwona mama yangu mdogo.

Yeye ndiye aliyenilea. Alikuwa na saratani ya koo, na hospitali yetu ilikuwa imenunua mashine ya mionzi kama ile niliyoitazama. Ndiyo maana nilipelekwa kujifunza. Ya zamani ilishang'olewa kuipisha mpya. Uvimbe wake ulikuwa mdogo, wa kutibika kabisa, ila usicheleweshwe.

Wenyeji wangu walikuwa na jambo moja nililolipenda. Mgonjwa wa koo hutengenezewa barakoa: bamba la plastiki lenye matundu hulowekwa kwenye maji moto, likilainika hulazwa usoni, na likipoa hubaki na sura yake, pua kwa pua, shavu kwa shavu. Hufungwa kitandani ili kichwa kisitikisike, maana mionzi haisamehe. Kila asubuhi mtaalamu wa mionzi, mama mmoja mkimya, alijaribu kupenyeza kidole kati ya plastiki na shavu. Kikipita, kazi inasimama. Mgonjwa amekonda, barakoa si yake tena, na vipimo vyote vinaanza upya. Hakuna aliyenung'unika.

"Wameshanitengenezea sura ya plastiki," mama mdogo aliniambia kwenye simu, akicheka kwa sauti ya kukwaruza. "Mashavu yote yametokea. Nimependeza kuliko siku ya harusi yangu."

"Unaanza lini?"

"Tunamsubiri mgeni rasmi aje kuizindua mashine. Mkurugenzi anasema mimi ndiye wa kwanza, nitapigwa picha. Na wewe, wamekuruhusu kushika kitu?"

"Natazama tu, mama."

"Yaani umepanda ndege kwenda kutazama? Si ungebaki ukanitazama mimi?"

Nilicheka naye, kisha nikampigia Mkurugenzi wetu nikiwa nimefura. Mashine imeshafungwa, nikamwambia, imeshajaribiwa, daktari mwenzangu anaijua. Anzeni.

"Daktari, punguza jazba. Subira huvuta heri."

"Na ngojangoja huumiza matumbo. Mzee, uvimbe haumjui mgeni rasmi."

Alikata simu. Mgeni rasmi akaahirisha, kisha akaahirisha tena, miezi ikapita, na kila mara mama mdogo aliambiwa abaki tayari.

Niliporudi nilikuta utepe, viti vya kukodi na spika zinazokoroma. Ndani, sakafuni, palikuwa na mstari wa njano ambao rangi yake haijakauka vizuri. Mkurugenzi alikuwa ameuona kwenye picha nilizomtumia, akaupenda. "Umeona? Tumewafikia," alisema.

Mama mdogo alikuwa kitandani tayari. Sikumtambua mpaka aliponikonyeza. Walipomfunika barakoa yake, ilimkaa kama kiatu cha kuazima. Nikapenyeza kidole, kikapita. Nikaingiza vidole vyote, vikapita.

"Mashine haiwashwi," nilisema kwa sauti, na kamera zikanigeukia.

Mkurugenzi akanisogelea bila kuondoa tabasamu. "Usituaibishe, Daktari. Nani kasema iwashwe? Alale tu, wapige picha."

Nilitaka kumzaba kibao. Nasema wazi, nilitaka, na mkono ulishaanza kunyanyuka. Mama mdogo ndiye aliyeudaka.

"Waache wapige, mwanangu," alisema chini ya plastiki. "Wakimaliza watatuachia chumba."

Wakapiga. Mgeni rasmi akakata utepe, akampa kila mtu mkono isipokuwa mgonjwa, akaenda kula.

Kesho yake tulimpiga picha za ndani ili tumwandalie vipimo vipya. Ugonjwa ulikuwa umeshashuka kwenye mapafu. Mashine ilikuwa nzima, bado inanukia upya, na haikuwa na la kumfanyia tena ila kumpunguzia maumivu. Mwenzangu alizima skrini, akatoka nje.

Nilimweleza nyumbani kwake, tumekaa kwenye kochi, bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiomba barakoa ile. Nilikuwa nimeichukua baada ya kusikia kwamba Mkurugenzi anataka kuitundika ofisini kwake iwe kumbukumbu ya ufunguzi.

Aliiweka magotini. Akayapapasa yale mashavu ya mviringo, taratibu, kisha akajigusa shavu lake.

"Huyu angepona," alisema, akanirudishia.