Sanda ya Kujaribia Malipo

Kwa siku tatu sikuweza kutulia. Nikikaa, goti linatikisika. Nikisimama, nazunguka kitanda cha kufumia mpaka Mama ananifukuza niende nje na wazimu wangu. Ilikuwa Julai, baridi ya Arivonimamo imeingia hadi kwenye mifupa, na mimi nilikuwa nasubiri kampuni ya malipo, iliyo katika nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, iniambie kama duka letu la mtandaoni linaruhusiwa kupokea kadi za benki.

Duka lenyewe lilikuwa tayari. Mama anafuma sanda za hariri ya mwitu, zile tunazowavika wazee wetu siku ya famadihana, tunapowatoa kaburini, tukawabadilisha nguo na kucheza nao. Watu wa hapa wanalipa kwa simu bila shida, ila watu wa hapa siku hizi wananunua sanda za kiwandani. Wanaotaka hariri ya kweli ni ndugu zetu waliohamia Ufaransa, na wale wana kadi tu. Bi Lanto wa Lyon alitaka sanda tisa, yeye na ndugu zake, kila mmoja alipe ya kwake. Alinipigia Jumapili.

"Ravaka, mwanangu, nakupenda, lakini sitakusubiri mpaka nizeeke. Ijumaa saa sita mchana kama hakuna pa kulipia, kaka yangu anachukua za kiwandani."

"Bi Lanto, utawavika wazazi wako nailoni?"

"Basi nifungulie mlango! Nimesimama hapa na pochi mkononi."

Nilijua maana ya sanda hizo tisa. Mama alikuwa na vitanda vinne vya kufumia, kimebaki kimoja. Alishaniambia, bila kuinua macho, kwamba msimu huu ukipita mtupu anakiuza na hicho, na mimi nirudi Antananarivo kwenye duka la simu nilikokuwa. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana niliogopa.

Jumatano jibu likaja. Kitambulisho sawa, bili ya maji sawa, picha ya mlango wa duka sawa. Kimebaki kitu kimoja tu, waliandika: masharti ya kurudisha bidhaa. Mteja awe na siku kumi na nne za kurudisha alichonunua.

Nilimsomea Mama. Mikono yake ikasimama.

"Kurudisha nini?"

"Sanda. Mtu asipoipenda."

"Asipoipenda nani? Marehemu?"

Faly alicheka mpaka chai ikamwagika. Faly ni mtoto wa mama yangu mdogo, ndiye aliyetutengenezea duka, na hajui kucheka kwa adabu.

"Usicheke, Faly. Waambie hao watu wako, nyumba hii sanda ikishatoka mlangoni hairudi. Ikirudi, imekuja kutafuta mtu."

"Mama Mkubwa, hiyo nitaiandikaje?"

"Kama nilivyosema."

Huo ndio mwiko wetu, tangu kwa nyanya za nyanya zangu. Mimi, nasema ukweli, nilitaka kudanganya. Siku kumi na nne, basi, tuziandike, nani atarudisha sanda kutoka Lyon? Nilishaweka kidole kwenye kitufe, Mama akaniangalia mara moja tu, nikakiondoa.

Kuna desturi nyingine tena. Mama hatandi uzi wa sanda kabla hajaambiwa jina la atakayeivaa, na jina hilo analitaja kwa sauti anapofunga uzi wa kwanza. Kwa sababu hiyo Faly aliweka kwenye fomu ya duka kisanduku cha jina la marehemu, na usipokijaza huendi mbele. Nimekua nikiyasikia majina ya wafu wa wilaya nzima yakitajwa juu ya kitanda kile. Jina moja tu sijawahi kulisikia pale, nalo ni Rasolonjatovo, jina la baba yangu.

Baba alikwenda Ilakaka kuchimba yakuti nikiwa na miaka kumi na mitano. Mwaka uliofuata wakarudi wenzake wawili wakasema shimo liliporomoka. "Nani alimwona?" Mama aliwauliza. Hakuna aliyemwona. Tangu hapo ni miaka kumi na moja, na kila msimu baba mdogo anakuja kusema tuvishe sanda mkeka na mto, tuviweke kaburini mahali pake, kama wanavyofanyiwa waliopotea. Kila msimu Mama anamkaribisha wali, anamsikiliza, anamsindikiza hadi barabarani. Hafumi. Na sisi wengine tukajifunza kunyamaza.

Alhamisi nilimsumbua Faly mpaka akaniambia nikanywe maji ya mchele nitulie. Lakini aliwaandikia. Hakuandika habari za mwiko. Aliandika kwamba kila sanda inafumwa kwa agizo, kwa jina la mtu mmoja, na mwingine hawezi kuitumia. Ijumaa saa nne asubuhi wakajibu: bidhaa iliyotengenezwa kwa jina la mtu si lazima irudishwe, mradi muandike hivyo waziwazi. Nikaandika waziwazi, kwa herufi kubwa. Chini ya barua kulikuwa na neno moja zaidi. Tufanye manunuzi ya kweli, kwa kadi ya kweli, waone pesa inapita, ndipo watawafungulia wateja wote.

Hapo hapo umeme ukakatika.

Nilitukana kwa sauti. Tulikwenda kusimama karibu na kisima, ndipo intaneti ya simu inaposhika, mimi nikiwa na kadi yangu ya zamani ya mshahara, Faly akipuliza vidole.

"Chagua ndogo, dada, ya bei ya chini. Si pesa inakwenda kwa Mama Mkubwa? Unatoa mfuko wa kushoto unatia wa kulia."

"Jina la marehemu?"

"Andika chochote."

Niliandika "Jaribio". Tukasubiri. Nilizunguka kisima mara sita, Faly akihesabu kunikera. Jibu lilikuja jekundu: taarifa hazionekani kuwa za kweli, rudia. Saa tano na nusu ilikuwa imepita.

"Andika mtu, basi!" Faly akapiga kelele. "Mtu kweli!"

Jina la mtu aliye hai haliandikwi kwenye sanda, hata mwehu anajua hilo. Na wafu ninao. Nina babu, nina shangazi wawili, nina mjomba aliyekufa kwa kucheka. Ningeweza kumwandika yeyote. Mpaka leo najiuliza kama ilikuwa haraka, au kama nilikuwa nimelibeba jina lile muda mrefu mno. Niliandika Rasolonjatovo. Nikabonyeza.

Ikapita. Kijani. Imelipwa, duka limefunguliwa.

Faly alirusha kofia yake juu, na mimi nikacheka naye, kisha nikasikia kengele ikilia ndani ya nyumba. Ilikuwa simu ya Mama. Mimi mwenyewe niliiunganisha wiki iliyopita ipokee ujumbe mfupi wa kila agizo, ili afurahi. Kitanda cha kufumia, ambacho tangu asubuhi kilikuwa kinagonga, kikanyamaza.

"Faly," nikasema, "nimeua mtu."

Nilikimbia mpaka mlangoni. Mama alikuwa ameishika simu mbali na macho, kama anavyofanya.

"Sanda moja," akasoma. "Ndogo. Rasolonjatovo."

"Mama, nisamehe. Ni jaribio tu. Walitaka jina la kweli. Naifuta sasa hivi, nairudisha..."

"Unarudisha nini?"

Nikaonyesha simu mkononi mwake.

"Si wewe uliyewaandikia kwamba haturudishi?"

Simu ikalia mkononi mwake. Ikalia tena. Nilijua ni Lyon, Bi Lanto na ndugu zake wanaingia mmoja mmoja kwenye mlango niliouhangaikia wiki nzima, na sikuona furaha hata chembe. Mama hakuitazama. Aliiweka mapajani, akaweka mikono juu yake, akakaa. Mimi nikasimama pale pale, sikutikisa goti, sikuzunguka kitu.

Baadaye aliinuka, akavuta kikapu kutoka chini ya kitanda chake cha kulalia. Kilikuwa kimejaa nyuzi za hariri, nyembamba, za rangi ya asali, zimepangwa vizuri mafungu kwa mafungu. Sijawahi kuziona. Nyuzi kama zile hazisokotwi kwa msimu mmoja.

"Kwa nini umechagua ndogo?" akauliza.

"Nilitaka ya bei ya chini, Mama."

"Baba yako alikuwa mrefu. Blanketi lilimwishia hapa." Akajigusa kwenye muundi. "Baridi kama hii nilikuwa naamka kumfunika miguu. Hiyo ndogo itavaa mto. Mkeka unataka kubwa."

"Ndiyo, Mama."

"Basi nenda kaagize. Nyumba hii sifumi bila agizo."

Nilirudi kisimani. Faly aliniona uso, akavua kofia. Nilichagua kubwa. Nikaliandika jina polepole, herufi kwa herufi, nikalipa, halafu nikarudi ndani.

Simu ikalia. Mama aliisoma, akaiweka kando, akalitaja jina la baba yangu kwa sauti, akafunga uzi wa kwanza.