Majedwali Thelathini na Moja

Ruphin Mulenga alirudi chuo kikuu akiwa na miaka hamsini na sita, baada ya kufundisha shule ya msingi kule Lukafu nusu ya maisha yake. Kazi yake ya kumaliza masomo ilihusu mahindi: mashamba sitini, misimu minne, majedwali thelathini na moja. Profesa Chanda, aliyemwongoza, aliisifu. Lakini ofisi ya kupokea kazi iliirudisha mara mbili. Mara ya kwanza maandishi yalikuwa yamegandamana na majedwali, msomaji hajui sentensi inaanzia wapi. Basi Ruphin akafinya Entrée, kitufe cha kushusha mstari, hapa mara mbili, pale mara nne, ili kuyatenganisha. Kwenye mashine ya ofisi kila kitu kikasogea. Kichwa cha jedwali kikabaki ukurasa huu, jedwali lenyewe likaenda ukurasa unaofuata, na kazi ikarudishwa tena.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kuipokea. Saa tatu asubuhi aliingia kwa Mama Edith, mwanamke aliyechapia watu kazi karibu na lango la chuo.

“Acha tu clé yako ya USB, papa. Utairudia saa sita.”

“Hapana, mama. Ile mahindi nilipima mwenyewe. Na hii nataka kujua mwenyewe. Unionyeshe tu.”

Edith alicheka, akamsogezea kiti. Akabonyeza kitu, na alama zilizofichika zikatokea kwenye skrini, nyingi kama mchwa.

“Unaona? Kila kamoja iko Entrée yako. Tufute yote.”

Walipofuta, maandishi yalirudi kugandamana vilevile. Ruphin alijipangusa paji la uso. “Sasa njo tumeharibu kabisa.”

“Bado, papa. Ile nafasi haiwekwi na kidole. Unaiandika hapa.” Alimfungulia mtindo wa vichwa vya majedwali: nafasi kabla, pointi kumi na mbili, baada, sita, na kialama cha kufanya kichwa kisiachane na jedwali lake. Kisha mtindo wa mstari wa chini, ule unaotaja chanzo cha takwimu: baada, kumi na nane. “Ukibadilisha hapa mara moja, yote inasikia.”

Ruphin akaanza kuwekea kila jedwali mitindo yake, polepole, miwani ikimteleza puani. Kurasa zikaanza kupumua.

Kwenye jedwali la ishirini na mbili alisimama. Zamani lilikuwa limekatika katikati ya kurasa mbili. Sasa lilikaa zima chini ya lile la ishirini na moja, weupe safi katikati yao. La juu lilikuwa la mashamba ya mahindi matupu. La chini lilikuwa la wanawake wa kundi la Mama Nkandu kule Lukafu, waliochanganya mahindi na maharage. Mwaka ule mvua ilipokatika mapema, wanawake walivuna karibu mara mbili ya wale wengine.

“Mama Edith, ona. Banamuke banapita!”

“Na hukuandika?”

“Sikuona. Nilipima mwenyewe, na sikuona.”

“Basi andika. Saa bado iko.”

Aliandika mistari mitano, akaisoma kwa sauti, akafuta mmoja. Saa saba alikuwa mbele ya Chancelvie, karani wa ofisi, aliyefunua kurasa moja moja. Mwishowe akachukua muhuri, akaugonga.

Jumatatu Profesa Chanda alipiga simu.

“Papa Ruphin, ile ya banamuke, kwa nini ulinificha?”

“Sikuficha, Profesa. Mi mwenyewe nimeiona Ijumaa.”

“Iko ya maana kuliko yote. Utatetea kazi tarehe kumi na nne. Yule mama wa Lukafu, kama anaweza, akuje asikie.”

Ruphin alimpigia Nkandu palepale, akamwalika, akamsomea mistari yake minne. Nkandu akauliza watu wa chuo kikuu huvaa nini siku kama hiyo.