Neno la Wake wa Masiza

Tangu mama apigwe na kiharusi alikuwa anakataa chakula. Kila kijiko alikisukuma akisema neno lile lile: amanqoko. Nimezaliwa kwenye vilima hivi vya Tsomo, nimezeekea hapa, na neno hilo sikuwahi kulisikia. Muuguzi alidhani ni dawa. Mwalimu akasema si Kixhosa. Mama anazidi kukonda, anaomba kitu, na sisi tunamkodolea macho.

"Hilo neno la wake," alisema mke wangu, MaTolo. "La kumheshimu baba mkwe."

Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Hutafutwa jingine, na wake wote wa boma hulitumia.

"Si wewe ni mke hapa? Maana yake nini?"

"Si la boma hili. Ya hapa mama alinifundisha yote. Hilo ni la kule alikoolewa kwanza."

"Kwanza wapi?"

"Kwa Masiza, ng'ambo ya mto. Hakupata mtoto, wakamrudisha kwao. Aliniambia tukipalilia."

"Mimi mwanawe asiniambie?"

"Wewe una mdomo, baba Lwando."

Nilikasirika. Watu walimfukuza mama yangu, na leo anakufa akisema maneno yao! Lakini hasira haikuwa inamlisha. Niliwasha pikapu.

Kwa Masiza nilimkuta bikizee mmoja, MaDlomo, mke wa boma hilo, akipeta maharage. Nilimtajia neno kabla sijakaa. Akaweka ungo chini.

"Nani kakufundisha hilo? Waliolijua wamekufa wote, nimebaki mimi."

"Mama yangu, MaBhele."

"Yu hai? MaBhele yu hai?"

Akanieleza. Kwa sababu ya jina la mzee Masiza, wake hawakuweza kutamka amasi, maziwa ya mgando. Wakayaita amanqoko. Na bibi harusi hayanywi kwa mumewe mpaka ukoo umkaribishe. Mama walimchelewesha, wakisubiri mimba kwanza.

"Nilikuwa nayaiba nimpe," alisema. "Tunajificha nyuma ya zizi, kikombe kimoja, tunacheka kwa woga. Siku wanamrudisha walinituma mtoni. Sikumuaga."

"Nipe basi kidogo nimpelekee, mama."

"Kwenu hamna ng'ombe?"

"Wapo."

"Sasa maziwa yangu ya nini? Nishike mkono nipande gari, mwanangu."

Nyumbani nilimimina maziwa ya mgando kutoka kibuyu chetu. MaDlomo si wa ukoo wetu, na maziwa hayo si halali yake. Aliketi kitandani, akapiga funda la kwanza, akafuta mdomo. Sikumzuia.

"Haya, mwenzangu, upesi," alimnong'oneza mama. "Amanqoko, kabla hawajaja."

Mama alimtazama muda mrefu. Kisha akafungua kinywa. Alikunywa, akapaliwa, na upande wa uso ulio mzima ukacheka.

Kikombe kilipoisha MaDlomo alininyooshea bila kugeuka. Nilikwenda kujaza.