Dakika Tatu Zilizokatwa

Wanafunzi walimwita Mama Katiba, na jina lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Alikuwa amefundisha uraia miaka kumi na minane, na sasa, mvi zimeshaanza kuchungulia, alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya mambo ya katiba na ufundishaji wa uraia. Utafiti aliufanya darasani kwake mwenyewe. Aliwaachia wanafunzi watunge katiba ya darasa lao, wabishane, wapige kura, naye akarekodi kila kipindi kwa simu.

Katiba ilipokamilika, waliiandika kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa, wakaibandika ukutani. Kifungu cha pili kilisema hakuna atakayeadhibiwa kabla ya kusikilizwa.

Jumatatu moja aliingia, akaweka simu mezani, akaanza kurekodi, kisha akainua macho. Karatasi ilikuwa imechanika katikati. Damu ikampanda kichwani.

"Nani kafanya hivi?"

Darasa zima likamgeukia msichana wa dawati la mbele, ambaye kwa ubishi wake wenzake walimbatiza Wakili.

"Mwalimu, naomba niseme."

"Sijakuuliza!"

"Naomba tu niseme, mwalimu..."

"Funga mdomo, toka nje! Wiki nzima utafyeka nyasi nyuma ya vyoo."

Wakili akatoka. Mwalimu akajipangusa jasho, akafungua kitabu, akafundisha haki za raia mpaka kengele ikalia.

Jumamosi mchana alikaa sebuleni kunakili yaliyorekodiwa, neno kwa neno, kama msimamizi wake alivyoagiza. Akasikia mwanamke anafoka. Kwa muda mfupi hakumtambua. Alipomtambua, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, na tena. Ile "naomba niseme" haikuwa na ujeuri hata chembe.

"Mbona umejiinamia?" mumewe akauliza.

"Kichwa tu kinauma."

Akaziruka zile dakika tatu za kufoka, akaanza kunakili pale alipofungua kitabu.

Profesa aliyemsimamia hakuwa mtu wa kumwaga sifa, lakini sura ya nne ya tasnifu, iliyokuwa ikisubiri nakala hiyo tu, aliisoma Jumatatu akitikisa kichwa kwa kuridhika, akamtaka aiwasilishe wiki hiyo hiyo mbele ya wanafunzi wenzake wa uzamili. Aliwasilisha vizuri. Mwishoni askari magereza mmoja, mwanafunzi mwenzake, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hakuna hata siku moja hicho kifungu cha pili kilivunjwa?"

"Hapana," akasema.

Wakampigia makofi. Aliinama akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika, maana uso ulikuwa unamwaka na hakutaka mtu auone. Siku mbili alifundisha bila kurekodi.

Siku ya tatu akamwita Wakili ofisini. Viganja vya mtoto vilikuwa na malengelenge yaliyoanza kukauka.

"Siku ile ulitaka kusema nini?"

Msichana akasita. "Nilitaka kusema ni mimi. Nilikuwa nasogeza dawati, kona ikaikwaruza ile karatasi. Nilitaka kuomba gundi."

Mwalimu alikuwa amejiandaa kuambiwa kwamba kamwonea mtoto asiye na kosa. Hili hakujiandaa nalo. Mtoto alisimama kukiri, mwenyewe, mbele ya wenzake wote, na yeye akamziba mdomo.

"Nisamehe, mwanangu."

"Haya, mwalimu," Wakili akajibu kwa adabu, macho chini, kama mtu anayepokea adhabu nyingine. Hilo lilimchoma kuliko matusi.

Kesho yake akalieleza darasa zima, bila kujitetea. Mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa nyasi zilizobaki nani atafyeka?" Wakacheka wote, isipokuwa Wakili. Mwalimu naye hakucheka.

Jioni alikwenda kwa profesa. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Rudisha dakika zote tatu. Sura ya nne uiandike upya. Na wale uliowadanganya utawaambia wewe, si mimi. Mahafali ya mwaka huu usahau."

"Ndiyo, profesa."

Nyumbani, mumewe alikuwa ameshatangaza kwa ukoo mzima kwamba mkewe anahitimu mwaka huu.

"Dada zangu nitawaambia nini? Wameshashona nguo!"

"Waambie nilidanganya kwenye utafiti."

"Hilo mimi siwezi kulitamka."

"Basi nipe simu."

Akampigia wifi yake mkubwa. Alipokewa kwa kicheko: "Ehe, msomi wetu! Tukae wapi siku hiyo, mbele au nyuma?" Alitamani simu ikatike. Haikukatika, basi akasimulia yote, toka karatasi mpaka makofi, huku mumewe akikazia macho sakafu.

"Huyo mtoto," wifi akauliza, "mikono yake imepona?"

"Inapona, wifi," akasema.